Msuko wa Safari

Bibi yangu, dani yangu,

Siku tuliyonyolewa kwa ajili yako, sikutoa nywele zangu zote. Nilificha msuko mmoja. Shangazi Perpetua alipokuwa akizunguka na ungo kukusanya nywele za watu wa boma akazitupe, mimi niliukunja msuko ule kiganjani, nikaufunga kwenye ncha ya leso, nikaendelea kukaa palepale katikati ya wanawake waliokuwa wakiimba nyimbo za kanisa. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote wa kwetu. Baba hajui, mchungaji hajui. Nakuambia wewe kwa sababu ni wewe uliyeusuka.

Najua wanavyosema. Nywele za msiba zikibaki nyumbani, kifo nacho kinabaki, na aliyevunja mwiko huo atapatwa na laana ya chira, akonde mpaka apeperuke kama ganda la mtama. Sijakonda, dani. Wala sikuandikii kuomba msamaha. Nakuandikia ili ujue msuko wako ulifanya nini duniani baada ya wewe kuondoka.

Nimechagua Kiswahili makusudi. Shangazi anaisoma Biblia ya Kijaluo kumshinda mchungaji, lakini Kiswahili kilichoandikwa kinamtoa jasho. Wewe ulikijua cha soko la Ogwedhi, kile ulichobishania bei ya mbuzi na Wamasai na Wakuria mpaka wakakuita mama wa maneno. Kusoma hukujua. Nilipokusomea habari zozote ulikuwa ukiniambia niende polepole, maneno si ng'ombe wa kuswagwa. Basi naandika polepole.

Unaikumbuka asubuhi ile ya kunisuka? Tulikuwa tumeambiwa kwamba hospitali ya misheni itanichukua kujifunza uuguzi, mradi tu nipimwe kwanza. Shuleni tulikuwa tukinyolewa vichwa vikawa kama mayai, na tangu nimalize nilikuwa nimeziacha nywele zikue. Ulinikalisha kwenye ngozi ya mbuzi, kichwa changu kati ya magoti yako, ukachukua uzi mweusi uliokuwa umeupaka samli mpaka ukawa mgumu kama uzi wa fundi viatu. Ulizisuka nywele zote zielekee nyuma, ukazikusanya kuwa msuko mmoja upande wa kulia, ukaurefusha kwa uzi mpaka ukapita bega, kisha ukaupiga vifundo. Kifundo, upana wa kidole, kifundo tena. Ulisema mama yako alikusuka hivyo siku ulipoletwa kuolewa, kwa sababu mtu anayetoka nyumbani lazima awe na kitu mgongoni cha kumvuta arudi. Uliuita msuko wa safari. Katika boma jingine lolote sijapata kuuona.

Nililalamika kwamba unaniumiza. Ukasema, "Nyamaza. Kichwa kisichouma hakijasukwa."

Hospitalini, chumba cha picha kilikuwa na giza na harufu kali iliyonikaa kooni. Mhudumu aliniambia nivue shanga, nivue msalaba, nitoe pini kwenye nguo, nitoe kitambaa kichwani. Kila kitu kigumu nilikitoa. Nywele hakuna aliyezitaja. Wasichana walionitangulia wote walikuwa wametoka shuleni juzi, vichwa vyao vinang'aa, na sidhani kama mashine ile ilikuwa imewahi kukutana na msuko. Nami unanijua ninavyoona haya. Nilifumba macho, nikabana kifua kwenye bao lile la baridi, nikashika pumzi kama nilivyoambiwa, na msuko wako ukaning'inia nyuma ya bega la kulia, ukapigwa picha pamoja nami.

Daktari alikuwa mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili Tanganyika. Alikisema vizuri kutushinda sisi sote, na hilo likanifanya nizidi kuangalia viatu vyangu. Aliitundika picha kwenye kisanduku chake cha taa, yeye akiitazama, mimi nikiwa nimekaa mbali nyuma yake. Alisema juu ya pafu la kulia pana madoa, tena yamefuatana. Akaniuliza kama nakohoa. Nikasema hapana. Kama natokwa na jasho usiku, kama nimepungua, kama nina homa jioni. Hapana, hapana, hapana. Kisha akauliza kama nyumbani kuna anayekohoa. Nikamwambia baba, anayechimba dhahabu Masara na kurudi na vumbi kifuani. Daktari akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeipata njia aliyokuwa akiitafuta.

"Basi tumejua kilikotoka," akasema.

Walipima makohozi yangu, yaani mate tu niliyoyakamua, wasione kitu. Daktari akasema wadudu wamejificha. Hivyo ndivyo nilivyopewa kifua kikuu, dani, mimi niliyekuwa nikikimbia na ndoo ya maji kichwani kutoka mtoni bila kuhema. Nafasi yangu ya uuguzi akapewa mwingine. Baba alipoambiwa kwamba ni yeye aliyeniambukiza, alirudi Masara bila kuaga, na kila alipokuja nyumbani alikula peke yake, ameugeuzia ukuta uso.

Shangazi alileta kikombe cha bati chenye shavu lililobonyea, akakitundika kwenye msumari wa peke yake. Alisema ni changu, na kisichanganywe na vya watu. Nilipokinywea uji mara ya kwanza, wewe ulikuwa umekaa mlangoni ukipepeta wimbi. Ulinyanyuka, ukakitwaa kile kikombe mkononi mwangu, ukanywa uji wangu uliobaki, ukalamba na ukingo. Shangazi akasema, "Mama, utakufa." Nawe ukamfungulia mdomo wako.

"Nilitolewa meno sita ya chini nikiwa msichana, sikulia. Huyu mdudu asiyeonekana ataniuma wapi?"

Watoto wa jirani walicheka mpaka wakafukuzwa. Mimi pia nilicheka, mara ya kwanza tangu picha ile. Tangu siku hiyo ulilala nami kitanda kimoja, ukisema mifupa yako inahitaji moto, na kwamba kama nina homa basi afadhali isipotee bure.

Sindano zilikuwa za kila siku, kwenye zahanati, na ulinisindikiza. Nilipodungwa ulikuwa ukimwuliza yule mdunga sindano kama anamchoma mtu au anabanika samaki. Miezi ikapita. Masikio yangu yakaanza kuvuma. Nilidhani ni nyuki kwenye paa, nikakuomba uangalie, ukaangalia kweli, ukaniambia hakuna nyuki. Walipoambiwa zahanati, walisema dawa ile wakati mwingine hufanya hivyo, nivumilie. Nikavumilia. Leo sikio la kushoto limebaki na mvumo huo tu. Mtu akiniita kutoka upande ule anaweza kufikiri nimemdharau.

Na kila nywele zilipolegea, ulinisuka tena vilevile, upande uleule, vifundo vilevile. Nilikuambia hakuna haja, siendi popote. Ukanivuta sikio, lile zima, ukasema, "Safari yako haijafutwa. Imekaa tu chini kupumzika."

Kisha mvua za masika zikaja, nawe ukanyeshewa njia nzima kutoka Ogwedhi kwa sababu hukukubali kumwacha mbuzi mwenye mimba alale kwa watu. Jioni ukatetemeka. Kesho yake ubavu ukakuchoma, ukawa unavuta pumzi kama mtu anayekunywa chai ya moto. Mganga wa zahanati alikuja, akasikiliza mgongo wako, akasema ni homa ya mapafu, ya mvua na uzee, na kwamba ubebwe kwenda hospitali. Machela ilipokuwa ikifungwa kamba, ulikuwa umekwisha kwenda.

Hakuna aliyetaka kusikia habari za mvua. Nilikuwa nyuma ya jiko nikichambua mboga za wageni wa matanga, nimelielekeza sikio zima ukutani, nikamsikia shangazi akiwaambia wanawake: "Walilala kitanda kimoja. Mnataka niseme nini tena?" Nilipoingia na mboga, wakaanza kuulizana habari za chumvi. Siku ya mazishi niliambiwa nisimame mbali, karibu na ua, nisije nikakohoa juu ya watu.

Ninataka ujue hili vizuri. Mimi pia niliamini. Niliamini kwamba nilikuua. Nilikuwa nikikiangalia kile kikombe kwenye msumari na kusema moyoni, alikinywa hiki. Hivyo shangazi aliponijia na wembe siku ya kunyolewa, sikuwa na mpango wowote wa werevu. Aliukata msuko kwanza, chini kwenye kisogo, ukaniangukia mapajani, na vifundo vyako vilikuwa bado vimekaza. Ulikuwa umenisuka juma lile lile ulilougua. Sikuweza kuuacha uende kwenye ungo. Ni hilo tu. Ulikuwa ndio mkono wako uliobaki.

Baada ya msiba nikaitwa hospitalini kupigwa picha ya pili. Nilikwenda peke yangu, kichwa kimenyolewa, leso kiunoni. Nikabana kifua, nikashika pumzi. Daktari aliitundika picha, akaonekana kufurahi, kisha furaha ikamwishia usoni kidogo kidogo.

"Yameisha," akasema. "Yote. Hata kovu sioni."

Alisogea karibu, akarudi nyuma. Alisema si kawaida, ugonjwa huu ukitoka huacha nyayo. Kisha akasema basi dawa imefanya kazi ya ajabu na tumshukuru Mungu, akanyoosha mkono kuzima taa.

Hapo ndipo niliposema, kwa sauti ndogo mpaka ikabidi ainame, kwamba naomba kuiona ile ya kwanza. Dani, kwa miezi yote ile nilikuwa nimechomwa sindano kwa sababu ya picha ambayo sikuwahi kuonyeshwa. Sikuomba kwa ujuzi wowote. Nilitaka tu kuuona uso wa kitu kilichokuua.

Aliitafuta, akaitundika kando ya ile ya pili. Nikaziona mbavu zangu, na moyo wangu kama boga jeupe. Na juu kulia, kutoka shingoni kuja chini, nikaona doa, na nafasi, na doa, na nafasi, na doa. Kifundo, upana wa kidole, kifundo. Vidole vyako, dani. Nilivijua kama ninavyojua mwandiko wangu.

Msuko ulikuwa palepale ulipokaa tangu siku ile. Niliifungua ncha ya leso, nikauweka juu ya meza yake.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni ugonjwa wangu."

Alinitazama kama mtu anayepima homa kwa macho. Kisha akauokota msuko, akauinua mbele ya kisanduku cha taa, akaulinganisha na picha, akaushusha, akauinua tena. Alinishika kiwiko tukarudi kwenye chumba cha giza, na yeye mwenyewe akaubandika msuko kwa plasta nyuma ya bega langu la kulia, akaniambia nishike pumzi. Tulingoja picha isafishwe. Mimi nilikaa kwenye benchi, yeye akasimama dirishani akiangalia nje, ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia ila kamba ya kuanikia mashuka.

Picha ilipotoka, kifua kikuu changu kilikuwa kimerudi chote, pamoja na vifundo vyake.

Daktari alikaa kwenye kiti cha mgonjwa. "Nani alikusuka?"

"Bibi yangu. Amekufa. Watu wanasema nimemuua mimi."

Alivua miwani. Alisema kosa ni lake, alisoma picha akasahau kumsoma mtu, na kwamba anaomba nimsamehe. Nilimwuliza sikio langu itakuwaje. Akageuza miwani mkononi. Najua alingoja niseme si neno, kwa maana mimi ni mtu wa si neno. Nikikanyagwa, si neno. Nikinyimwa, si neno. Siku ile sikulisema. Tulikaa kimya mpaka akaielewa maana ya kimya hicho, akainamisha kichwa.

Baadaye aliniomba msuko. Alitaka kuuweka kwenye chupa awaonyeshe madaktari wengine, wasije wakarudia. Ilikuwa sababu nzuri, dani, nami naiheshimu. Nikamwambia achukue picha zote tatu awaonyeshe, lakini msuko hapana. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumwambia mtu mzima hapana akiwa ananitazama. Nilidhani paa litaanguka. Halikuanguka. Alinirudishia msuko, akaenda kuzungumza na mkuu wa wauguzi, na wakakubaliana nijiunge na kundi linalofuata.

Daktari alimwita baba, akamweleza kwa kinywa chake kwamba sikuwa na kifua kikuu hata siku moja, na hivyo hakuna alichoniambukiza yeye, wala mimi sikumwambukiza mtu. Nilikuwa nimemwomba asitaje nywele, akasema tu kwamba kulikuwa na kivuli cha kitu cha nje. Baba alifika nyumbani, akaketi nami, akamega ugali kutoka sahani yangu. Tulikula bila kutazamana.

Jioni ile aliwaita watu wa boma akawaambia. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, mikono imefungwa kifuani.

"Picha ya kwanza ilisema mgonjwa," akasema. "Ya pili inasema mzima. Picha gani hiyo yenye ndimi mbili? Mimi nitaamini ipi?"

Watu wakamtazama baba, baba akatazama chini. Na jibu lilikuwa kwangu, dani, limekunjwa kwenye leso. Ningeutupa msuko katikati yao, ningemaliza ubishi. Lakini nilijua kitakachofuata. Wangesahau picha papo hapo wakaona mwiko. Ingetafutwa kondoo wa kutakasia nyumba, ningezuiwa kuondoka, na kila ndama atakayeharisha na kila mtoto atakayepata homa angeitwa kwa jina langu. Ningekuwa nimetoka kwenye ugonjwa nisiokuwa nao nikaingia kwenye laana nisiyokuwa nayo. Kwa hiyo nilisimama mikono mitupu. Unajua sijawahi kusimama mbele ya watu, hata shuleni nilikuwa nikisahau shairi nikaanza kulia.

"Sikumuua dani," nikasema.

Shangazi akashangaa sana. "Kwani nani amesema ulimuua?"

"Wewe, shangazi. Jikoni, wakati wa matanga. Nilikusikia kwa sikio nililobakiwa nalo."

Mmoja wa wale wanawake wa siku ile akacheka puani, akajifanya anakohoa, na hakuna aliyemwambia akasimame karibu na ua. Nami nikasema mengine, dani, sijui yalikotoka. Nikasema dani yangu alikufa kwa mvua na kwa ukaidi wake, na hakuna mtu atakayemnyang'anya kifo chake akampa mdudu ambaye hakuwapo. Nikasema alilala nami kwa sababu alinipenda, na kama kuna mtu mwingine bomani aliyekuwa tayari kulala nami siku zile, ajitokeze. Hakutokea mtu.

Sikushinda. Shangazi bado anapita mbali nami, na njiani kwenda kisimani wapo wanaovuta leso puani nikiwapita. Nimekoma kuwasogelea ili niwaeleze. Nitajifunza uuguzi, na msichana yeyote atakayesimama mbele ya mashine ile nikiwa karibu, nitamtazama kichwani kabla ya kumwambia ashike pumzi. Na akisema haumwi, nitamwuliza mara ya pili, na jibu lake nitalisikia.

Jumatatu naondoka. Nakukosa sana asubuhi, kabla watu hawajaamka, ninapotaka kumwambia mtu nilichoota. Hasira yangu bado ninayo pia, na sina nia ya kuiacha huku nyumbani.

Ninakuomba jambo moja. Haya niliyokuambia yabaki kwako. Usimwambie babu, maana hakuwahi kuweza kuficha hata mahali alipofunga ng'ombe. Na siku moja shangazi naye atakuja huko, atakaa karibu nawe, atakuuliza kwa upole wake ule kama nywele za mjukuu wako zilitupwa zote. Mwambie hujui. Mwambie wakati huo ulikuwa umelala.

Mjukuu wako,
Akoth